Kichwa Changu Kitolewe Ndani ya Ndege ya Mativo

Ploti Namba 14,
Mowlem.

Kwa Mama Shirleen, mwenye ploti,

Salamu, mama, na pole kwa kukusumbua Jumatatu asubuhi. Ni mimi Mureithi, mpangaji wako wa nyumba ya chini kabisa, karani mstaafu na mwenyekiti wa wapangaji wa mtaa huu. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nina hasira.

Yule mchongaji wa ghorofa ya pili, Mativo, ameunda ndege. Si ya karatasi, mama! Mabawa yake ni mita tatu, inatumia betri, na yeye huiendesha kwa rimoti akiwa amesimama chini. Kila Jumapili baada ya kanisa huibeba hadi uwanjani na mtaa mzima humfuata. Kibali cha kuirusha anacho. Nimekisoma mara mbili nikitafuta kosa. Sina ubaya na ndege. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege ilikuwa nyepesi mbele, ikawa inainua pua na kuanguka. Mtu mwingine angefunga kipande cha chuma pale, yaishe. Lakini Mativo ni mchongaji, mwana wa mchongaji, na anasema ndege isiyo na mtu ndani ni sanduku tu. Akachonga rubani wa mbao nzito, akamketisha mbele. Mama, rubani huyo ni mimi! Upara ni wangu, pengo ni langu, hata miwani iliyofungwa uzi ni yangu. Kibali cha uso wangu kiko wapi?

2. Unajua kwa nini naishi chini: naogopa ngazi. Hata nguo zangu huanikwa juu na jirani yangu Nzisa. Sasa kila Jumapili napaa hadharani, na jana nilipinduliwa angani kichwa chini mara nne, mashemeji wakitazama. Walipiga makofi.

3. Wiki ile nyingine betri iliisha ndege ikiwa juu, ikaanguka kwenye paa la kanisa. Watoto wakatawanyika mtaani wakipiga kelele kwamba Mwenyekiti ameanguka. Kabla sijamaliza chai, akina mama wa kanisa walikuwa mlangoni, wimbo wa kufariji umeshaanza, na sufuria ya githeri mkononi. Niliwafungulia mwenyewe. Wengine walikasirika. Githeri wakarudi nayo.

4. Lydiah wa kibanda cha mboga anadai nilipita chini sana, kuku wake wakagoma kutaga. Alikuja kugombana na mimi, si na Mativo! Vijana nao wananiita Kapteni na kunishauri nipunguze mwendo kwenye kona. Iko siku nitashikwa kwa kuendesha ndege bila leseni, na mimi hata baiskeli sijui.

Kwa hivyo naomba umwamuru atoe kichwa changu kabla ya Jumapili, la sivyo ahame. Akikataa yote mawili, basi nipewe haki za rubani: kofia, kiti uwanjani, na neno la mwisho kuhusu mambo ya kupinduliwa.

Nisalimie Shirleen, Tiffany, baba yao, na yule mbwa wenu ambaye sasa nimemsamehe.

Wako mtiifu, aliye ardhini,
Mureithi.

Nyongeza: Mama, yote hayo juu usiyasome. Mativo alisikia nalalamika, akaniletea kichwa changu kwa adabu, kimefungwa kwa gazeti. Nikafurahi, wallahi nikafurahi. Kisha Nzisa akaniambia anachonga kingine: cha Maingi wa ploti ya pili! Maingi, niliyemshinda kwenye uchaguzi! Aongoze ndege ya ploti yetu? Hata siku moja. Haya naandika nikiwa ghorofa ya pili. Nimepanda ngazi zote, mama, macho nimefumba, kichwa changu nimekikumbatia, na nikimaliza mstari huu nabisha mlango wa Mativo. Jumapili uje mapema, upate pa kusimama.