Kiama Alibadilisha Jina, Mayai Yakapoa

Jumamosi asubuhi, kabla Idah hajamaliza kumimina chai kwenye kibanda chake hapa Kiganjo, Zacharia alifika na habari: mayai mia tatu kwenye inkubeta yake, ile mashine ya kuangulia vifaranga, yalipoa jana, na simu yake haikulia hata kidogo.

Zacharia tunamwita Kifaranga kwa sababu hana hadithi isiyo na kuku. Simu yake ilitakiwa kulia kila joto likishuka. Aliyemtengenezea mtambo wa kuiliza ni Nadira, na alikuwa ameketi hapo hapo, laptop mapajani, hajagusa mandazi yake.

"Nimepata shida iko wapi," Nadira akasema. "Ni Dakta."

Dakta ni Kiama. Hajawahi kusomea udaktari, ni vile tu huongea kama anakuandikia dawa. Akitoka kazini hutunza programu ya kusoma vipima joto, ameiweka mtandaoni bure, yeyote anaichukua. Nadira aliichukua.

"Mimi tena?" Kiama akaweka kikombe chini.

"Kwa programu yako kulikuwa na command, yaani amri, inaitwa joto. Alhamisi ukaibadilisha jina ikawa soma_joto. Mtambo wangu ukachukua toleo jipya wenyewe, ukaita joto, hakuna aliyeitika. Jana alfajiri stima ikapotea, inkubeta ikapoa, na mtambo, ingawa una betri yake, kimya."

"Joto halikuwa jina safi. Na niliandika kwamba nimebadilisha."

"Wapi?"

"Kwa faili ya mabadiliko."

"Laini ya ngapi?"

Kiama akakuna shingo. "Arobaini na moja."

"Na hizo arobaini za juu?"

"Nilikuwa nashukuru watu."

Tulicheka wote isipokuwa Kifaranga. "Tahadhari ni kabla ya hatari," akasema polepole. "Yako iko laini ya arobaini na moja, na kuku hawasomi."

"Lakini mzee, hii kitu ni ya bure. Watu mia mbili wanaitumia, wengine wako Brazil, hata siwajui. Nitapigia nani simu?"

"Bure ni sawa," Nadira akajibu. "Ukinipa ngazi ya bure nitakushukuru. Lakini usitoe kidato nikiwa juu."

Idah, aliyekuwa akipangusa meza, akasimama. "Nilipohama kutoka stage ya matatu kuja hapa, nilifanya nini?"

"Ulimwacha dadako kule na thermos," nikasema.

"Mwezi mzima. Mteja akifika anapewa chai kama kawaida, halafu anaambiwa: Idah amehamia ng'ambo ya barabara, mwisho wa mwezi hapa tunafunga. Hakuna mtu alikosa chai, na hakuna mtu nilimpigia simu."

Kiama akasogea karibu na Nadira, wakainama juu ya laptop karibu nusu saa. Walirudisha lile jina la joto likafanya kazi kama zamani, ila sasa kila likiitwa linamwandikia mwenye mtambo: "Jina hili litaondoka Desemba. Tumia soma_joto." Kwenye ile faili, mabadiliko yakapanda hadi laini ya kwanza, shukrani zikashuka chini. Nadira akajaribu mtambo wake. Ukaitika.

Ndipo simu ya Kifaranga ikalia. Alikuwa Waithira, mkewe, ambaye jana aliizungushia inkubeta blanketi na mitungi ya maji moto, na asubuhi hii alikuwa akimulika yai moja moja kwa tochi. Kifaranga alisikiliza akiwa amesimama. Halafu akaketi.

"Kumi na tisa yamekufa," akasema. "Hayo mengine yote, vitoto vinacheza ndani."

Kiama akashusha pumzi. "Nisamehe, mzee. Kusema kweli, niliogopa yote yamekufa."

"Nimekusamehe. Kesho uje umsaidie Waithira kugeuza mayai."

Nadira hatimaye akauma andazi lake. Watu wakaanza kuinuka, wengine sokoni, wengine makwao. Kiama akakohoa.

"Kuna jina lingine silipendi. Nataka kulibadilisha mwaka ujao."

Kibanda kizima kikageuka kumtazama. Idah akaanza kuondoa kikombe chake, chai ikiwa nusu.

"Sasa ni nini?" Kiama akauliza. "Si mmesema niwaambie mapema?"