Kapteni Aogeshwa Ijumaa

Katika mwambao wote, toka Kiunga hadi Vanga, hapakuwa na mbwa aliyetunzwa kama Kapteni. Hayo yalikuwa maneno ya Wafula. Kapteni mwenyewe hakuulizwa.

Wafula alikuwa karani wa serikali, mtu wa Bungoma, aliyeletwa Lamu mwaka mmoja baada ya Uhuru. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao alimwachia mbwa, kitana na kipande cha sabuni. Utaalamu Wafula alijitafutia mwenyewe.

Tulipanga nyumba moja Mkomani, kwa Bi Alawiya, na kila asubuhi nilimkuta barazani akitoa darasa. Kupe alimng'oa kwa kibano, akamzamisha katika kopo la mafuta ya taa kwa heshima zote za kijeshi. Kucha alizikata kwa mkasi wa ofisi. Meno aliyapiga mswaki, na sikuthubutu kuuliza mswaki ulikuwa wa nani.

"Masikio kwanza!" aliwatangazia wapita njia. "Sikio likioza, mbwa kwisha! Masikio!"

"Tumesikia, Bwana Wafula," alijibu Jeilani, mshona kofia wa nyumba ya pili, huku akikusanya kanzu yake na kupita ameuegemea ukuta.

Hata hivyo mtaa ulimvumilia Kapteni. Kwa watu wa Mkomani mbwa mkavu hana neno: yeye anapita, nawe unapita. Balaa ni mbwa aliyelowa. Tone lake likikugusa, wewe na nguo yako mnaoshwa mara saba, moja kwa maji ya udongo, ndipo uende kuswali. Nilipotaka kumweleza Wafula jambo hili, alinieleza mimi habari za masikio.

Alhamisi moja Bi Alawiya alimsemesha kutoka nyuma ya mlango.

"Bwana Wafula, jirani moya tu akiniletea mashitaka ya mbwa huyu, utahama."

Kuhama maana yake ilikuwa kulala katika bohari la ofisi, pamoja na ngozi mbichi za ng'ombe zilizosubiri meli. Zilikuwa zimesubiri sana.

"Watu hawa wanachukia uchafu," Wafula aliniambia. "Kesho nitawaonyesha mbwa msafi kuliko mimi!"

Kesho yake, Ijumaa, adhana ikilia, alikuwa mlangoni na karai, Kapteni amejaa povu kama bwana harusi. Dirisha la juu likafunguka.

"Wafula! Mbwa huyo mkavu?"

"Mkavu wapi, Bi! Amelowa hadi mifupani!"

Dirisha likafungwa pwaa.

Wanaume walikuwa wameanza kutoka kwenda msikitini, weupe kwa kanzu. Njia yetu hutosha punda mmoja mwenye mzigo. Kapteni aliona umati, akadhani umekuja kwa ajili yake. Akasimama katikati na kujikung'uta, kuanzia pua mpaka mkia, kulia na kushoto, bila upendeleo.

"Kanzu yangu ya Ijumaa!" alilia Jeilani. "Wafula, umetumaliza!"

"Lakini ni maji safi! Yana sabuni!"

Mtaa mzima ulirudi ndani kuoga. Walifika msikitini wakihema, wengine kwa kanzu za kuazima.

Wafula, naye chepechepe, akajaribu kuingia nyumbani.

"Simama papo!" ilisema sauti nyuma ya mlango. "Huikanyagi nyumba yangu hivyo."

"Basi niende wapi, Bi?"

"Uoshwe mara saba, au uende kwenye ngozi zako."

Wafula alizifikiria zile ngozi. Akavua shati.

Walipotoka msikitini walikuja na ndoo, na udongo, na hamu kubwa. Jeilani ndiye aliyeshika dodoki. Wafula alisuguliwa hadharani, mgongo, kwapa na unyayo, huku Kapteni, aliyekwisha kukauka, amejilaza juani akitazama kazi kwa jicho la fundi.

Walipofika mara ya saba, dirisha la juu likafunguka tena.

"Bwana Jeilani! Masikio mumemuosha?"