Kumi na Tatu Kwenye Soksi

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo. Nimeamua: wiki hii Mjomba ataniita fundi.

Humu kwa Mjomba kila mtu ni fundi. Anayefagia karakana, fundi. Njiti, binti wa Mjomba, miaka kumi na miwili, mwembamba kama jina lake, amekuwa fundi tangu anaota meno. Mimi nina kumi na sita na naitwa "msomi". Mjomba hulitamka kwa upole, kama anampa pole mgonjwa.

Jumamosi anakwenda kufunga pampu kubwa ya maji kwenye shule moja ya bweni. Pikapu ina kiti kimoja tu cha abiria. Amesema Ijumaa atatupima, mimi na Njiti, kwa ile pampu kuukuu iliyo mlangoni. Atakayeifungua vizuri ndiye atakayekaa kwenye kiti hicho. Njiti akasema kaka apumzike tu, asije akachafua vidole vya kushikia kalamu.

Nilikuwa na jibu kali sana. Limenijia sasa hivi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekagua ubao wa spana. Zote zimetundikwa ukutani, na nyuma ya kila moja Mjomba amechora umbo lake kwa rangi nyeupe. Maumbo hayo anayaita vivuli. Sheria ni moja: jioni kila spana irudi kwenye kivuli chake. Kivuli kikibaki kitupu, hakuna anayekula. Hata Bibi hali, na Bibi hajawahi kushika spana.

Tatizo langu ni hili. Spana nazijua zote, lakini kwa lugha ya shule, kutoka kitabuni, ukurasa wa arobaini na moja. Karakana hawasemi kama kitabu. Wanasema nipe ringi kumi na saba, na mkono umeshanyooshwa. Nikiombwa kitu mbele ya wateja masikio yangu yanaziba. Asubuhi niliombwa soketi. Nilipeleka ufagio.

Mpango: lebo! Kila spana na karatasi yake. Jina kwa lugha mbili, namba, matumizi. Mdomo wazi: kwa nati iliyo mahali finyu, unaiingilia ubavuni. Ringi: huikumbatia nati pande zote, haitelezi. Soketi: kwa nati iliyozama shimoni. Spana ya bomba: ina meno, hushika vitu vya mviringo. Kuna na ile ya kurekebisha, yenye kigurudumu shingoni cha kupanua na kubana mdomo. Jina lake la karakana siwezi kuliandika, Bibi hufungua madaftari yangu. Nimeiandika "Ya Dharura".

Nimetumia gundi ya soli za viatu. Lebo thelathini na moja. Mwandiko safi kabisa!

Jumatano, 6 Agosti

Mjomba ameuliza nani kafunika namba zilizogongwa kwenye chuma. Nikasema huo ni mfumo. Akarudia "mfumo" mara mbili, taratibu, akaenda kunywa maji.

Mchana, bahati ikanijia. Koki ya Bibi ilikuwa inadondosha tone. Koki mpya, inang'aa, Bibi hujitazama humo akifunga kilemba. Nikachukua spana ya bomba, kubwa kuliko zote, kwa sababu ukiibeba begani unaonekana mtu wa kazi. Lebo niliiandika mwenyewe: ina meno.

Kweli ina meno. Koki sasa inafanana na mfupa aliouacha mbwa. Na tone limekuwa mchirizi.

Njiti akaja na kitambaa, akaizungushia nati yake, akaishika kwa ile Ya Dharura, akakaza robo mzunguko. Halikudondoka tena hata tone. Bibi akamwambia asante fundi. Mimi akaniuliza kama shule wanatulipisha ada kwa ajili ya haya.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mkubwa. Sijalala vizuri kwa uzuri wake.

Nati za ile pampu ya mlangoni ni namba kumi na tatu, zote nne. Nimezipima kwa rula Njiti alipotumwa dukani. Sasa: spana ya kumi na tatu ikipotea, Njiti atahangaika, atatoa jasho, atakwama. Hapo mimi nitaichomoa na kusema, unatafuta hii? Kwa sauti nzito. Nimeifanyia mazoezi chooni.

Kivuli hakiwezi kubaki kitupu, tutalala njaa. Kwa hiyo nimechukua kumi na nne iliyozidi, iliyokuwa kwenye kopo la vyuma, nikaiandikia lebo ya kumi na tatu, nikaitundika. Kumi na tatu halisi iko ndani ya soksi yangu, mguu wa kulia. Mdogo ndiye atakayeanza, bila shaka. Mdogo huanza kila kitu nyumba hii.

Nachechemea kidogo. Bibi ameona.

Ijumaa, 8 Agosti

Mjomba amesema mkubwa aanze.

Wateja sita, wawili wamekaa juu ya matairi kabisa, kama wanasubiri mpira uanze. Nikasimama mbele ya ubao. Kumi na tatu iko mguuni pangu. Niiname niichomoe mbele ya watu? Nisingeweza hata nyumba ingekuwa inaungua. Nikachukua ile ya ukutani, ya uongo, yenye mwandiko wangu mzuri.

Ilicheza kwenye nati kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Nikavuta. Ikateleza. Ngozi ya vidole viwili ikabaki kwenye pampu. Nikavuta tena kwa nguvu, na pembe za nati zikaisha, ikawa mviringo. Mteja mmoja akamwambia mwenzake labda nilikuwa nainoa.

Njiti akaja. Hakusoma lebo hata moja. Akaigusa nati kwa kidole gumba, akaenda ubaoni, akachukua soketi ya kumi na tatu, akaigonga kwa nyundo ikaingia, akazungusha. Nati ikatoka. Na nyingine tatu zikaifuata.

Soketi ya kumi na tatu! Ilikuwepo muda wote. Lebo yake niliiandika mimi.

Haikuishia hapo. Bibi akasema mtoto anachechemea tangu jana, aletwe. Akaleta beseni la maji ya moto mbele ya wateja wote, akanivua soksi mwenyewe. Ting'! Spana ikatumbukia ndani ya beseni.

Mjomba akaichungulia spana ndani ya maji. Akauliza kama na huu ni mfumo.

Jumamosi, 9 Agosti

Pikapu imeondoka asubuhi. Njiti alinipungia mkono kutoka kwenye kiti changu.

Mimi na beseni lile lile, maji ya moto, kisu butu. Nabandua lebo. Gundi ya soli ni imara mno. Hiyo angalau niliichagua vizuri.

Wamerudi saa kumi jioni. Njiti kapakaa grisi mpaka viwiko, amelala mdomo wazi. Mjomba akaja kukaa karibu na beseni. Nilingoja kugombezwa. Akanipa ile kumi na tatu. Akasema niachane na kitabu kwa mwezi mmoja, nitembee na hii moja, nijue ni nati zipi inazifaa na zipi zinaikataa. Mkono ukizoea, masikio nayo yatazibuka. Akanipiga begani, akaingia ndani.

Hakuniita fundi. Lakini hakuniita msomi!

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia kidogo. Ya furaha, nadhani.

Jumapili, 10 Agosti

Kazi imeanza mapema. Nimepita nyumba nzima na kumi na tatu yangu. Inaingia kwenye nati za kitanda changu, bawaba za geti, baiskeli ya Njiti, meza ya jikoni, na kile kiti cha chuma cha Bibi. Nati kumi na tisa kwa jumla!

Ila huwezi kujua kwamba spana inaifaa nati mpaka uifungue. Kwa hiyo nimezifungua zote. Ziko kwenye kopo moja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba zinafanana.

Sina wasiwasi. Gundi imebaki nusu chupa, na karatasi ninazo. Nimeshakata lebo tatu.

Bibi ameamka. Namwona dirishani, kikombe cha chai mkononi, anaelekea kwenye kiti chake. Nimwite? Kuna wageni barazani.

Sasa hivi watu wataona faida ya lebo.