Wabunifu Arobaini wa Goodluck

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Ijumaa wanakuja wageni wa mfuko unaosaidia kampuni changa za teknolojia. Watachagua mji mmoja wa kuweka kituo: Mtwara au Lindi. Madam Felista, mkuu wangu hapa manispaa ya Mtwara, amesema tukichaguliwa mkataba wangu utaongezwa. Tusipochaguliwa, hakumalizia. Alikitazama kiti changu tu. Kisha akauliza hao vijana wabunifu niliowaandika kwenye maombi wako wapi. Nikasema wapo.

Jumanne, 9 Septemba
Nimempata mmoja. Asia, binti wa mtaa wa Ufukoni. Ametengeneza programu ya simu inayomwonyesha mkulima wa korosho ghala lenye foleni fupi. Nimeijaribu, inafanya kazi. Lakini mtu mmoja hajazi ukumbi. Asia akasema, kaka Elia, waambie ukweli, tupo wachache. Rahisi kusema kama huna mkataba unaoisha.

Jumatano, 10 Septemba
Nimemwendea Goodluck, anayekusanya washiriki wa semina. Semina ya malaria, semina ya nyuki, watu wake ni wale wale. Wanakaa, wanapiga makofi, wanakula, wanaondoka. Nikamwomba arobaini wenye sura ya kompyuta. Akacheka, akasema mheshimiwa, hao wako moto tayari, wala usijisumbue kuwafundisha. Sikuuliza wamefundishwa na nani. Nilifurahi mno.

Alhamisi, 11 Septemba
Asia alikuja kukagua intaneti ya ukumbini. Haipo. Nikasema iko njiani. Akasema mgeni akimuuliza atajibu haipo. Nikampa kazi ya heshima: kesho akawapokee wageni Mikindani, barabara ya Lindi. Wageni wa ngazi hii huja kwa ndege. Atawasubiri huko hadi jioni. Nimejipongeza kimya kimya.

Ijumaa, 12 Septemba
Hawakuja kwa ndege. Jana walishinda Lindi, leo wakaja kwa gari. Wakamkuta Asia Mikindani, wakampakia. Waliingia ukumbini wakicheka naye kama ndugu.

Kiongozi wao, Mama Magreth, akasimama mlangoni akawatazama vijana wangu ndani ya fulana mpya. Akawauliza habari za tangu jana. Wote arobaini wakaitikia, nzuri mama. Akamuuliza wa mbele amebuni nini. Mfumo, mama. Mfumo wa nini? Ule ule wa jana kule Lindi, mama.

Madam Felista alitazama viatu vyake.

Kituo kimekwenda Lindi. Asia pia, wamempa nafasi ya kwanza. Akiwa anaagana nami alisema, kaka, ungeniacha ukumbini ningewaomba wabaki hapa. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Jumatatu, 15 Septemba
Mkataba wangu hautaongezwa. Nina hadi mwisho wa mwezi. Madam Felista aliniambia huku anakunywa chai, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza kitafunwa.

Lakini wiki ijayo kuna wageni wengine, wa filamu na muziki. Nao wanatafuta mji. Tunashindana na Songea. Madam amesema nikiwapata hao, ataongea na wakubwa.

Nimekaa ufukweni Shangani jioni nzima nikichambua kosa langu. Nimelipata: Goodluck aliniletea sura za Lindi. Wageni wataanzia Songea, walale huko, ndipo waje kwetu. Nimempigia Goodluck nikamwonya vikali: safari hii sitaki kuona sura hata moja ya Lindi. Aniletee watu wa Songea.