Kofia ya Jicho la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimesikia jambo.

Nilimpelekea Kitinda chakula kazini, kwenye ghala la saruji. Kitinda ni kitindamimba wangu. Anaendesha lori la tela, magurudumu yake nilianza kuyahesabu nikachoka. Chakula alikisahau nyumbani. Sawa, hakukisahau. Nilikificha nyuma ya ndoo nipate sababu ya kwenda.

Nikapita upande wa matangi ya maji. Nikamsikia Fundi Miwani, yule mkuu wa karakana, anaongea na simu. Kwa masikio yangu haya: "Huyu ana upofu ubavu wa kushoto. Amezaliwa nao. Tumemwekea jicho jipya, wiki hii tunamtazama. Akizingua tunamrudisha alikotoka."

Nani yuko kwenye majaribio ya tela wiki hii? Kitinda. Nani alirudi nyumbani juzi anafikicha jicho, eti vumbi? Kitinda. Na alikotoka ni wapi kama si kwangu?

Amezaliwa nao! Nimemzaa mimi. Nilimkagua hapo hapo kitandani, vidole kumi vya mikono, kumi vya miguu, macho mawili.

Chakula nikamwachia mlinzi wa getini. Sikumwuliza mtu neno. Ukimwuliza anayekuficha, unamfundisha kuficha vizuri zaidi. Kesho nampima mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Kipimo cha kwanza: kikombe cha chai nimekiweka kushoto kwake, ukingoni kabisa mwa meza. Akakichukua bila kutazama. Hii haimsafishi. Hata kipofu huijua meza ya kwao.

Kipimo cha pili: nimenyemelea kutoka kushoto na ufagio, polepole, kama paka. Bila kugeuka akasema, "Mama, weka chini huo ufagio." Ameuonaje? Jicho la kawaida halioni hivyo. Hilo jipya ni kali.

Kipimo cha tatu: alipoinama kufunga kamba za viatu nikammulika na tochi usoni. La kushoto linang'aa zaidi. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema natafuta sindano.

Nimemwita Shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, ashauri. Ana kigari cha rangi ya kiini cha yai na anakipenda kuliko watu. Akasema yeye siku zote amesema, madereva wa lori wanatazama mawinguni, sisi wa chini ni sisimizi. Akanishauri nisikae kushoto kwa Kitinda hata mezani. Nilimtazama sana alipokuwa anasema hayo. Ana kijicho huyu. Tangu mtoto apewe tela, hajawahi kumpongeza bila kukohoa kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshindwa kuvumilia. Asubuhi nimemshika Kitinda mashavu nikamwambia najua yote kuhusu jicho, na mimi ni mama yake, jicho moja au mawili nampenda vilevile.

Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Mama, ni lori. Lori ndilo lina upofu. Fundi Miwani huliita 'huyu' kama mkwewe."

Akanieleza. Lori ni refu. Chini ya mlango wa kushoto kuna mahali dereva haoni, hata atazame vioo vyote. Gari dogo zima linaweza kujificha hapo kama kuku chini ya kitanda. Sasa wamelibandika jicho ubavuni, kamera ndogo nyeusi ya duara iliyochomoza. Dereva akikunja kona na hilo jicho likaona gari, linapiga kelele, na asiposikia, linafunga breki lenyewe.

Nikauliza, lenyewe, bila mguu wako? Bila mguu wangu, akasema, kwa furaha, kama mtu anayesifu mgeni.

Nikacheka naye. Alipoondoka nikakaa chini.

Mimi nimetoboa matundu ya vifungo kwenye kiwanda cha mashati miaka kumi na mmoja. Siku moja ikaja mashine. Tukaambiwa ni ya kutusaidia. Ikanisaidia mpaka getini, na mkoba wangu mkononi. Sijasoma sana, lakini hesabu hii naiweza. Leo breki, kesho usukani, kesho kutwa kiti. Mtoto wangu anamchekea anayekuja kumrithi!

Hilo jicho lazima lizibwe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefuma. Uzi mweusi, mtu asiuone. Kofia ya mtoto mchanga, maana ndizo ninazofuma siku zote, wazazi wa mtaa mzima wananijua kwa hizo. Ina kamba mbili za kufungia, na fundo ni lile langu la mapacha, linazunguka mara mbili na kujimeza. Upepo haulifungui. Mtoto haliwezi. Hata mimi nikiwa na haraka nalilaumu.

Kufika getini nikamwambia mlinzi kuna mbuzi nyuma ya ghala anakula makaratasi ya ofisi. Ni mtu mwema, alikwenda mbio. Nikapanda kwenye kreti nilipofika ubavuni mwa lori. Jicho lile hapo. Likanitazama bila kope. Nikaliambia samahani bwana, huna kosa, ila nami nina mtoto. Nikalivalisha, nikafunga.

Ilimpendeza, nisiseme uongo.

Mlinzi aliporudi akasema hakuona mbuzi. Nikamwambia mbuzi wa siku hizi ni wajanja.

Mpango ni huu. Jicho halitaona kitu. Kitinda ataendesha vizuri kama miaka yote. Bosi atasema, kumbe hatukulihitaji, liondoke. Nami nataka kuhakikisha kwa macho yangu, kwa hiyo kesho Shemeji atanipeleka tulifuate lori. Nimemwambia nampeleka kumwonyesha kwamba Kitinda anaona. Amekubali haraka mno. Anataka kuona asivyoona.

Ijumaa, 7 Juni

Niko mzima. Naanza na hilo.

Tumelifuata lori tangu saa mbili. Kwa nyuma huoni kitu ila saruji. Nikamwambia Shemeji asogee. Akasogea. Tukaona saruji kwa karibu. Nikasema mimi nataka kuona kama mikono yake iko kwenye usukani au usukani unajizungusha, pita kushoto. Akasema kushoto hapapitwi. Nikamwambia kumbe kigari ni cha kuoshwa tu, si cha kuendea. Hapo akapita.

Tukasimama naye kwenye taa nyekundu, kona ya kuingilia ghalani, chini kabisa ya mlango wake. Nikachungulia juu. Naona mlango. Naona mawingu. Naona kofia yangu imekaa vizuri. Uso wa mwanangu sikuuona. Nikampungia mkono hivyo hivyo. Taa yake ya kukunja kona ilikuwa inawaka. Shemeji akasema madereva wa lori huisahau ikiwaka.

Ikaja ya kijani. Lori likaanza kuingia kushoto, polepole, kama ukuta uliochoka kusimama. Shemeji akapiga honi. Honi ya kile kigari ni kifaranga. Lori likatusukuma kwenye nguzo ya taa iliyo kushoto kwetu, kioo cha upande wangu kikaenda kwanza. Kisha mlango wa upande wangu ukaanza kuingia ndani kuniamkia, ukanigusa goti. Watu wa kando ya barabara wakapiga makofi na makelele, ndipo lori likasimama.

Kitinda akashuka mbio. Akainama dirishani kuona amemgonga nani. Akaniona.

Akanivuta kutokea mlango wa nyuma, akanipapasa kichwa, mabega, goti, vidole kimoja kimoja, kama nilivyompapasa mimi siku ile nilipomzaa. Halafu akainua uso akaiona kofia.

Kumbe jicho lilipozibwa, taa iliwaka ndani tangu asubuhi. Alimpigia simu Fundi Miwani, naye akamwambia arudi polepole, ni vumbi, atalipangusa. Ndiyo alikuwa anarudi.

Fundi Miwani akaja kwa miguu kutoka ghalani. Akafungua lile fundo robo saa nzima, akaitia kofia kwenye mfuko wa nailoni, akaishika kwa vidole viwili. Akasema anawajua madereva, hawapendi kutazamwa, huyu ameliziba mwenyewe. Kitinda amesimamishwa. Kesho saa nne Bosi ataamua, na kila mtu anajua maana ya neno hilo.

Kitinda aliitazama kofia, akanitazama mimi, akatazama chini. Hakunitaja.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda ofisini kwa Bosi na mipango mitatu.

Wa kwanza, ndege. Nilimweleza Bosi kuna ndege hujenga viota vyeusi vya sufi kwenye magari. Bosi akaniuliza ni ndege gani anayefunga fundo. Mpango wa pili ulikuwa kumsingizia Shemeji, lakini Shemeji alikuwa amekaa hapo hapo, kioo chake kilichovunjika amekipakata kama mtoto mgonjwa, nikashindwa. Wa tatu ulikuwa upepo. Niliutaja kwa sauti ndogo.

Bosi akavuta barua ya kuachisha kazi. Akachukua kalamu. Kitinda alikuwa anatazama viatu vyake, vile alivyokuwa akifunga nilipommulika kwa tochi. Miaka tisa ya usukani, hajapata kugonga hata ndoo.

Nikasema, "Kofia ni yangu."

Bosi akasema kwa upole kwamba anaelewa, mama yeyote angesema hivyo. Mara hii nasema kweli, ndipo siaminiki! Ndipo karani wake, aliyekuwa kimya kwenye meza ya pembeni, akasema mtoto wake nyumbani anayo kofia kama hiyo, na fundo lake mume wake alilikata kwa mkasi. Nikaomba kamba. Nikafunga fundo la mapacha mbele yao, macho nimefumba.

Kalamu ikawekwa chini.

Bosi akauliza kwa nini. Nikamweleza matundu ya vifungo, mashine, geti, mkoba. Hata Shemeji hakukohoa. Bosi akasema lile jicho halikuletwa kumtoa dereva, limeletwa kwa sababu ya watu kama mimi na Shemeji. Sijui kama ni sifa.

Hukumu: Kitinda anarudi kazini Jumatatu. Fundi Miwani naye amekaripiwa, kwa kumrudisha mtu barabarani huku taa inawaka. Mimi nisikanyage tena ndani ya geti. Mlinzi amepewa maelezo yangu, na kuhusu mbuzi pia.

Kabla ya kutoka Kitinda akaniombea dakika moja kwa mlinzi. Akanipandisha kwenye lori, akanikalisha kwenye kiti chake. Juu kweli! Akasema, "Tazama vioo, tazama dirishani. Mimi naenda kusimama." Akashuka, akazunguka mbele.

Nikatazama. Nikaona barabara yote, mapaa ya nyumba, mlinzi anajikuna, mbwa wa mbali kabisa. Mwanangu sikumwona. Nikainuka, nikatazama kioo cha juu, cha chini. Hayupo. Nikamwita mara tatu, ya tatu sauti ikakatika.

"Niko hapa, mama," akasema kutoka chini ya mlango wa kushoto. "Hapa hapa ulipokuwa jana."

Nililia kwenye usukani wa watu. Nikamwambia jicho libaki. Waongeze hata kumi, walizungushie lori zima kama vifungo vya joho. Akasema moja latosha, mama, usilivalishe tu.

Jumatatu, 10 Juni

Kitinda ameondoka na shati nililolipiga pasi mara mbili. Nimejifunza. Nimejifunza mpaka kwenye mfupa. Jicho ni rafiki yetu, sitalifanyia hila tena maishani.

Jambo moja tu linanikosesha raha. Vumbi. Si Fundi Miwani mwenyewe alisema vumbi linaliziba? Na lori linabeba nini? Saruji! Nani atalipangusa njiani? Fundi Miwani? Yule namtilia shaka. Mtu anayefuta miwani yake kwa mkono wa koti asikabidhiwe jicho la mwenzake.

Kwa hiyo nimefuma kikinga vumbi. Si kofia. Ni kama kofia, ila ni ya njano, asije mtu akasema naficha, na ina tundu katikati la kuonea. Kama kuna mtu duniani anayejua tundu, ni mimi. Kwanza unazungusha uzi, imara, halafu unakata katikati kwa mkasi, mwisho kabisa.

Ndani ya geti sikukanyaga. Nimeahidi. Nilisimama nje saa moja asubuhi nikamwita mlinzi, ambaye mke wake anakaribia kujifungua. Nikampa mfuko wenye kofia mbili za njano. Moja ya mtoto, nyingine alivalishe jicho kabla lori halijatoka, ni zawadi, Kitinda asiambiwe. Akauliza atazitofautishaje. Nikamwambia yenye tundu ni ya lori.

Amefurahi sana, nami nimerudi nyumbani mwepesi.

Nimeketi sasa kuandika haya. Mkasi uko hapa mezani, safi, hauna hata unyuzi wa njano. Nautazama. Najaribu kukumbuka nilikata saa ngapi.

Leo lori linatoka saa nne. Nimempigia Shemeji simu, anakuja, ananung'unika lakini anakuja. Kigari hakina kioo cha kushoto, lakini hilo si neno. Kushoto nitatazama mimi.