Mbwa Wote Waje Kesho

Jumatatu, 12 Agosti
Baridi kali hapa Montevideo. Ijumaa bosi, doña Nibia, anatangaza kiongozi wa waandika programu. Tuko wawili tu, mimi na Yamila. Nafasi ni yangu, naiona kabisa. Ila leo Yamila kanishika pabaya. Kakuta hesabu ya tarehe ya chanjo nimeiandika upya kwenye kurasa kumi na moja za mfumo wa kompyuta tunaoiandikia kliniki ya mbwa, na kurasa tatu hazikubaliani. Akaniuliza mbele ya bosi, hivi wewe Waldemar, si uiweke mara moja tu kwenye modeli ya Mbwa, pale mfumo unapoelezwa mbwa ni nini, kila ukurasa umuulize mbwa mwenyewe? Nikajibu ndivyo nilivyopanga. Uongo mtupu.

Jumanne, 13 Agosti
Modeli ya Mbwa imepata mbinu yangu, kijiprogramu cha kupiga hesabu ya tarehe: chanjo_ijayo. Mistari minne. Inafanya kazi. Lakini mistari minne haimpi mtu uongozi. Basi nikaichokonoa pia mbinu ya kuhifadhi rekodi. Sasa rekodi ya mbwa ikihifadhiwa tu, mwenye mbwa anapata ujumbe kwenye simu: mlete kesho achanjwe. Chini, jina langu. Nimejaribu kwa mbwa wa shangazi. Shangazi kapiga simu papo hapo kuuliza kulikoni. Yamila kauliza mbona ujumbe hauangalii kwanza kama tarehe imefika. Nikasema hilo baadaye.

Jumatano, 14 Agosti
Yamila kaingiza mbwa elfu nne wa kliniki kwenye mfumo kwa mkupuo mmoja. Hakuna ujumbe hata mmoja uliotoka. Nikajua kanihujumu. Akanipokeza kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani, akanieleza taratibu kwamba ukiingiza kwa mkupuo, mfumo hauipitii mbinu yako ya kuhifadhi. Na afadhali, akasema, maana sharti la tarehe bado hujaliweka, ndugu yangu. Wivu huo. Alipotoka kununua bizcochos, vile vitafunwa vya chai, nikawahifadhi mbwa wote upya, mmoja mmoja.

Alhamisi, 15 Agosti
Foleni ya mbwa kutoka mlangoni mwa kliniki hadi ufukweni. Wenye mbwa, termosi kwapani, wanauliza huyo Waldemar ni nani. Daktari wa mbwa kampigia bosi simu akilia. Nimeona aibu, sikatai. Yamila kasimama mvuani saa nne nzima akiwaonyesha watu tarehe zao sahihi na kuwarudisha nyumbani kwa upole. Tarehe hizo zimetoka kwenye mistari yangu minne. Nimemkumbusha bosi mara mbili.

Ijumaa, 16 Agosti
Kiongozi ni Yamila. Kaja mezani kwangu, kasema ile mistari minne ni kazi safi, lakini jamani, tuishie hapo. Imenigusa. Nikamwahidi.

Kisha nikafungua modeli ya Mfanyakazi ya ofisi yetu. Mbinu moja ndogo tu: ni_kiongozi. Inajibu ndiyo kama jina ni Waldemar. Rekodi ikihifadhiwa, ofisi nzima inapata tangazo: kiongozi ni huyu. Safari hii sharti nimeweka. Nimewahifadhi wafanyakazi wote, mmoja mmoja.

Simu zinaanza kulia. Ya Yamila kwanza. Sasa ya bosi.