Malalamiko Kuhusu Sungura Dume Asiyejua Wajibu Wake

Ndugu Bwana Mifugo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi ni yule fundi cherehani wa nyumba ya kona, uliyemletea sungura wawili wiki tano zilizopita, dume na jike, ukaniahidi kwamba mwezi hautaisha kabla sijahangaika pa kuwaweka watoto. Mpaka leo nafasi ninayo tele. Ningenyamaza, lakini mke wangu ameshatoa hukumu: Jumapili kaka yake anakuja kula, na dume asiyezalisha ataingia sufuriani. Dume huyo nimempa jina la Mheshimiwa, na nimeshamzoea. Kila asubuhi nikifungua kibanda huja kuninusa vidole. Nakuandikia roho ikiwa mkononi.

1. Uliwaleta katika boksi moja, ukasema niwakague mwenyewe nijue yupi ni yupi, ukapanda pikipiki yako ukaenda. Bwana Mifugo, nimepima wateja miaka thelathini bila kumvunjia mtu heshima. Nitamgeuzaje mgeni miguu juu siku ya kwanza? Nilitumia utepe wangu wa kupimia. Aliyezidi kifua, tena mwenye nyama nene inayoning'inia chini ya kidevu kama ya baba mkwe wangu, nikamwandika dume. Yule mwembamba nikamwandika jike, nikamwita Kidosho. Kwenye vipimo huwa sikosei.

2. Dume wako ni mvivu. Tangu siku ya kwanza amejilaza tu pembeni. Kidosho ndiye aliyemfukuza kibanda kizima na kumpanda mgongoni, mchana kweupe, mbele ya mwalimu mkuu aliyeleta suruali yake ipunguzwe kiuno. Nilifunika kibanda kwa kitambaa cha mapazia, nikajifanya natafuta mkasi. Hivi huko kwenu majike mnawalea vipi?

3. Kwa ajili ya nidhamu nilimtenga Kidosho peke yake, na wiki ya pili sasa namfundisha kutulia. Nilitegemea Mheshimiwa atamkumbuka. Wapi! Amenenepa. Anakula chakula cha watatu, tumbo limemshuka, na nikimgusa hapo ananing'ata. Mwanamume gani hukasirika akishikwa kitambi? Mimi changu kila mtu anakipigapiga.

4. Tangu juzi amechanganyikiwa kabisa. Anabeba nyasi mdomoni wala hazili, anazirundika kwenye kona. Nafagia, anarundika tena. Jana ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Niliona uchungu mpaka machozi yakanitoka, maana nilijua ni aibu ya kushindwa kazi. Nikamshonea fulana ya vifungo viwili. Ameivua, akaitandika juu ya nyasi zake.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umchukue kabla ya Jumapili ukampe ushauri nasaha pamoja na madume wenzake wanaojiweza. Ikishindikana, mwandikie mke wangu barua rasmi, yenye muhuri, kwamba nyama ya dume mwenye majonzi haiivi. Ikishindikana hata hiyo, basi njoo Jumapili tukae wote mezani, ili chakula kikukwame na wewe kooni kama kitakavyonikwama mimi.

Wasalimie wote ofisini, mama watoto wako, na ng'ombe wote unaowadunga sindano.

Ni mimi, mteja wako mwenye masikitiko,
Fundi wa nyumba ya kona

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha mke wangu akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipozaliwa kifungua mimba wetu. Mheshimiwa amejifungua. Ni saba, wekundu, macho hawajafumbua, wamefunikwa manyoya yake mwenyewe. Mke wangu ameketi sakafuni kando ya kibanda na hataki kuinuka. Anasema atakayemgusa mzazi huyu aanze kumgusa yeye, na kaka yake atakula maharage. Basi futa namba moja mpaka nne. Ila usingoje Jumapili, njoo leo hii unielekeze namna ya kumwomba Kidosho radhi, maana wiki mbili nzima nimemfungia baba wa watoto saba nikimfundisha kukaa kama binti wa watu.